Minyaa Kwenye Kona

Revocatus alikuwa hajalala, na mtu aliyekaa mbele yake alikuwa hajalala. Kwa jinsi mambo yalivyokwenda pale kituoni, hakuna aliyekuwa na matumaini ya kulala karibuni. Kati yao palikuwa na meza, chupa ya chai iliyopoa, na kitambaa kilicholoa maji ambacho mahabusu hakuacha kukibandika machoni.

"Ondoa hicho kitambaa, Athanas. Nataka nikuone unapoongea."

Athanas akakiondoa. Macho yalikuwa yamevimba, mekundu, kope zimegandamana. Alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu mzima wa Musoma mwenye mvi kidogo pembeni mwa masikio, lakini kwa macho yale ungeapa kwamba amekunywa gongo juma zima. Ndivyo alivyodhani Sajini Regina wa usalama barabarani, aliyemkamata alfajiri ile. Sasa Regina alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, uso wake unasema kesi imekwisha na twende tukale.

"Tuanze upya," Revocatus akasema. Kazi ya upelelezi, kwa uzoefu wake, ilikuwa hasa kuanza upya. "Gari liliharibikia wapi?"

"Chini kidogo ya kona, afande, ukishatoka Matongo. Senta bolti inayoshika springi ilikatika, springi zikahama, tairi likawa linasaga bodi. Pale gari halisogei hata ulisukume na kijiji kizima."

"Ukafanya nini?"

"Nikamtuma utingo aende Nyangoto kwa bodaboda akatafute bolti. Nikawasha taa za tahadhari, lakini betri ya gari lile ni mgonjwa wa siku nyingi, zikafifia mpaka zikazima. Nikachukua panga, nikakata minyaa kwenye ua uliopo pale, nikaipanga barabarani juu ya kona. Atakayetoka Matongo aikute kabla hajakata kona."

"Upande wa chini hukuweka?"

"Upande wa chini gari linaonekana tangu bondeni. Hatari ilikuwa kona."

Regina akaguna. "Afande, nilifika pale jua halijachomoza. Hakukuwa na jani. Hakuna mnyaa, hakuna jiwe, hakuna zile pembetatu nyekundu za kuakisi mwanga. Nilikuta Fuso la ndizi limeingia chini ya bodi la lori la saruji mpaka kwenye usukani, dereva wake ndani. Huyu bwana nilimkuta kwenye kabini yake kashika kichwa, nikimwita anashuka anapapasa kama kipofu."

"Nilikuwa kipofu!" Athanas akasema. "Wakati nakata, maziwa ya mnyaa yaliniingia macho yote mawili. Nimejikokota kuipanga barabarani macho yanawaka moto, nikarudi ndani nikawa najimwagia maji ya kunywa. Sikuona kitu tena. Nilikuja kusikia kishindo tu."

"Kwa hiyo kama kuna mtu alipita, hukumwona."

"Hata mkono wangu sikuuona, afande."

Revocatus akamimina chai, akakumbuka kwamba imepoa, akainywa hivyo hivyo. "Ule ua ni wa boma, ni mji wa watu. Mbona hukubisha hodi ukaomba maji, ukaomba hata tochi?"

Athanas akacheka kicheko kikavu. "Wewe si mtu wa huku, afande. Usiku, mgeni, panga mkononi, ubishe hodi kwenye mji wenye ng'ombe? Unapigiwa yowe. Vijana wanatoka na mishale. Mpaka wagundue wewe si mwizi, umeshakuwa marehemu."

Revocatus alikuwa mtu wa Bukoba na alikuwa ameishi Tarime miaka ya kutosha kujua kwamba mzee yule hakutia chumvi.

"Na pembetatu?"

"Tajiri yangu ana malori matatu na pembetatu jozi moja. Zinakaa kwenye lori linalokwenda kukaguliwa. Likitoka, zinahamia lingine."

Simu ikalia. Mkuu wa upelelezi wa wilaya hakuwa na salamu. Gari la mahabusu linaondoka mchana kwenda mahakamani Tarime mjini, na Athanas awemo, shitaka la kusababisha kifo. Ndugu wa marehemu wamejaa, simu kutoka kwao Sirari, mpakani, hazikatiki. "Maiti ipo, mlalamikaji yupo, mtuhumiwa yupo," Mkuu akasema. "Unatafuta nini tena, Revo?"

"Natafuta minyaa, mkuu."

Upande wa pili ukakata.

Athanas alikuwa ameelewa. Akakikunja kile kitambaa taratibu. "Afande, mimi nikiingia ndani kwa kesi hii, nikitoka sina leseni na sina miaka. Hakuna kazi nyingine ninayoijua. Lakini hilo acha. Nina watoto watakaoambiwa baba yao alilala amelewa mtu akafa. Niliweka minyaa. Sijui ilikwenda wapi, lakini niliweka."

Koridoni alikuwa akisubiri Heche, mwenye malori, mtu mnene anayenukia sabuni, amekumbatia pembetatu mbili mpya mpya kama mtu aliyeleta zawadi ya harusi.

"Nimezileta mwenyewe, afande. Nimeziokota pale pale kwenye majani, ubavuni mwa gari. Yule mlevi alikuwa nazo, hakujisumbua kuziweka. Nilimkabidhi kwa mkono wangu huu. Mimi mambo ya usalama sichezi nayo."

Revocatus akazipokea, akapitisha kidole. Barabara ile ni ya moramu, hata mbwa akilala pembeni kidogo anaamka mwekundu. Kidole kilirudi safi. Akazigeuza nyuma. Mtu alikuwa amepaka namba za gari kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa haraka.

"Namba hizi za gari gani?"

"La kwangu."

"Hilo najua. Lililogongwa ni lingine. Hili lipo wapi?"

Heche akazitazama zile namba. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo.

"Lipo yadi kwangu," hatimaye akasema, kwa sauti ndogo.

"Umenisaidia sana, Mzee Heche. Nilikuwa na neno la dereva tu kwamba pembetatu zako zinatembea nyumba kwa nyumba kama sufuria la kuazima. Sasa ninazo mkononi. Zitakaa hapa. Na wewe utakaa hapa pia, pale kwenye benchi."

Benchi hilo lilikuwa na mtu tayari, mwanamke kijana aliyejifunga kanga mbili na kuvaa viatu visivyofanana, vya watu wawili tofauti. Aliitwa Sheila. Tonny Opondo, aliyekufa kwenye Fuso, alikuwa mumewe. Heche alipoona ni nani, akaketi mwisho kabisa wa benchi, nusu ya mwili nje.

"Pole sana, dada," Revocatus akasema.

"Asante. Ni huyo mzee wa macho mekundu ndiye?"

"Ndiye dereva wa lori lililokuwa limesimama."

"Anasema eti aliweka majani?" Kiswahili chake kilikuwa na Sirari ndani yake, nusu ng'ambo nusu huku. "Hiyo ni uwongo. Sikia, officer. Tonny alikuwa dereva mwoga. Mwoga kabisa! Akiona majani kwa barabara usiku, hapunguzi tu, anasimama. Anashuka na tochi anaenda kuangalia kwa miguu. Mimi nilikuwa namcheka, namwambia utafika Mugumu kesho kutwa. Kama kulikuwa na majani pale Tonny angesimama. Angesimama na angekuwa hai."

Akaanza kulia bila kujifunika. Revocatus alimwamini. Mke anayemcheka mumewe kwa woga hadanganyi juu ya woga huo.

Kwenye gari, Regina akiendesha, alirudia neno hilo. "Umesikia mwenyewe. Marehemu angesimama. Hakusimama. Basi minyaa haikuwepo, na yule mzee ni mwongo."

"Au wote wawili wanasema kweli."

"Haiwezekani, afande."

"Inawezekana kama kuna mtu wa tatu."

Regina akabadilisha gia kwa hasira ndogo. Alikuwa askari mzuri, tatizo lake ni kwamba alikuwa na njaa.

Kona yenyewe, mchana kweupe, haikuwa na cha kutisha. Barabara ilishuka kutoka Matongo, ikajikunja kuzunguka kilima cha mawe, ikaendelea chini. Fuso lilikuwa limeshavutwa pembeni, kabini imebonyea kama kopo. Lori la saruji lilikuwa pale pale, limeziba nusu ya njia, limekaa kitako upande mmoja, likingoja bolti. Ndizi zilizobaki zilikuwa zile zilizopondeka. Mgambo wawili walioachwa kulinda walisimama haraka, na maganda chini ya miguu yao yakasimulia walichokuwa wanalinda.

Revocatus hakuwasemesha. Alipanda kwa miguu mpaka juu ya kona, akageuka, akatazama alikotoka. Lori la saruji halikuonekana hata kidogo. Kilima kililificha lote.

Upande wake wa kushoto ulikuwepo ua wa minyaa wa mji mmoja mkubwa. Akaukagua mnyaa kwa mnyaa. Karibu na barabara palikuwa na visiki vibichi, vimekatwa kwa mshazari, vingine chini, vingine kifuani, kimoja kimekatwa nusu na kuvunjwa. Maziwa yalikuwa yameganda juu yake yakawa ngozi nyeupe.

"Njoo uone, Regina. Mkataji huyu alikata taratibu hapa mwanzo. Halafu hapa akaanza kupiga ovyo. Haoni anachokata."

Regina akatazama visiki kwa muda. "Basi alikata kweli," akasema, na kwa sauti yake halikuwa jambo dogo kulisema. "Lakini alivyokata viko wapi?"

Barabarani kulikuwa na vipande vidogo vya kijani vilivyokanyagiwa kwenye moramu. Si vingi. Kutoka hapo, vumbi la ukingoni lilikuwa limefagiwa kwa mistari myembamba, mamia ya mistari pamoja, kama mtu amepita na mzigo mkubwa kuliko mikono yake, ncha zikibururika nyuma. Mistari haikuelekea kwenye lori. Ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa ule mji.

"Vijana," Regina akasema. "Waliona gari limesimama, wakaondoa minyaa ili la nyuma ligonge wasombe mizigo. Mimi nimezaliwa huku, afande, nawajua."

Ilikuwa fikra nzuri, na Revocatus akaichukia papo hapo, kwa kuwa kama ingekuwa kweli ingebidi akaiseme mbele ya yule mwanamke wa viatu visivyofanana.

Ndani ya mji msiba ulikuwa umeisha lakini haujaondoka. Nguzo za turubai zilikuwa bado zimesimama bila turubai. Viti vya kuazima vilipangwa ukutani. Sufuria kubwa zilianikwa juani, na pembeni jalala lilitoa moshi mwembamba. Kijana mmoja alikuwa anaosha pikipiki. Alipoona sare ya Regina akanyanyuka, akapiga hatua tatu za kujifanya hana haraka, akasimama mbele ya mlango wa nyumba ndogo akaujaza.

"Shikamooni."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Ezra."

"Sogea, Ezra."

Nyuma yake, gizani, palikuwa na mikungu ya ndizi imepangwa vizuri kabisa.

"Za wapi hizi, mura?" Regina akauliza, akimwita kijana kwa lugha ya nyumbani.

"Za shamba."

"Shamba gani huvunwa na kamba ya bluu? Ndizi zote za Fuso zimefungwa kamba hii hii."

Ezra akainamisha kichwa. "Nilizikuta zimemwagika, afande. Kila mtu aliokota. Hata wale mgambo wenu wameokota."

"Minyaa uliitoa saa ngapi?"

"Minyaa gani?"

"Iliyokuwa barabarani. Mliyoiburura mkaingia nayo hapa ndani."

"Sijaburura kitu, haki ya Mungu! Mimi nilikuwa natoka Nyangoto, nilimpeleka mgonjwa, nikakuta watu wameshajaa pale."

Regina alikuwa ameshatoa pingu. "Kuondoa alama barabarani mtu akafa, mura, hiyo si kesi ya ndizi. Hiyo ni mauaji. Lete mikono."

Revocatus alikuwa akiitazama mikono hiyo, na kisha macho. Mikono ilikuwa na povu la sabuni na hakuna upele hata mmoja. Macho yalikuwa na hofu, lakini meupe pe. Mtu aliyekumbatia mzigo wa minyaa mibichi hatoki hivyo. Akafungua mdomo kumzuia Regina, lakini mwingine akamtangulia.

"Mwacheni huyo."

Mwanamke mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mkono mmoja umeshika ukuta. Kichwani alikuwa amejifunga kitambaa cheusi.

"Mama, rudi ndani," Ezra akasema. "Afande, huyu ni mama yangu, Robi. Msiba huu ni wa kaka yangu Kisyeri. Mama amelia sana, macho yanamuuma. Msimsumbue."

"Shikamoo, mama," Revocatus akasema.

"Marahaba."

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa."

Akamtazama kwa adabu, lakini akamtazama. Jicho la kushoto la Mama Robi lilikuwa limefumba kabisa, kope imejaa kama ndimu, majimaji yanashuka shavuni. La kulia lilikuwa kavu, zima, linamtazama vizuri tu. Kwenye mikono, kutoka viganjani mpaka viwikoni, kulikuwa na malengelenge madogo madogo.

Revocatus akamwinamia Regina. "Msiba haulizi jicho moja," akamwambia polepole. Regina akatazama, na pingu zikashuka zenyewe.

Wakakaa kwenye viti vya kuazima. Revocatus akachagua maneno, kwa sababu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huumiza watu bila kujua.

"Mama, jicho limeanza kukuuma lini?"

"Usiku wa jana, wa lile gari."

"Ulishika nini?"

Mama Robi akamtazama mwanawe, akatazama pingu. "Nitasema, lakini huyu mfungue."

"Hajafungwa, mama."

"Mtamfunga. Nawajua." Akavuta pumzi. "Tulipouleta mwili wa Kisyeri tuliweka matawi barabarani, kama watu wote, magari yapunguze, wapitao wajue kuna msiba. Jana mchana tulianua matanga. Nikawaambia vijana: yale matawi yatoeni yote, msibakize hata moja. Kwetu hapa, msiba ukiisha tawi halilali barabarani. Likilala linaita mwingine. Bibi yake Kisyeri alisema hivyo, na mama wa huyo bibi alisema hivyo. Na mimi nimebaki na nani? Nimebaki na huyu. Na kazi ya huyu ni usiku, na pikipiki, kwenye barabara hiyo hiyo."

Ezra alikuwa ameacha kutazama mtu yeyote.

"Usiku nikatoka kujisaidia. Nikatupa macho barabarani nikaona weusi umelala pale. Nikasogea. Matawi! Nikasema, hawa watoto wamenidharau, wamekula chakula cha msiba na kazi hawakufanya. Na Ezra hajarudi. Nikayabeba mwenyewe yote. Maziwa yakaniingia jicho, sikujali."

"Matawi ya msiba yalikuwa ya mti gani?"

"Mkaratusi."

"Na haya yalikuwa minyaa. Hukushangaa?"

"Gizani tawi ni tawi, mwanangu."

"Gari hukuliona?"

"Nitalionaje? Liko nyuma ya mawe, na taa halina."

"Uliyatupa wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Regina akaenda kwenye jalala, akachokoa kwa fimbo. Chini palikuwa na mkaratusi umeungua umebaki vijiti vyeusi, majani yote majivu. Juu yake palilala minyaa, mizito, mibichi, moto umeishindwa. Regina akainua mmoja kwa ncha ya fimbo, akautazama ulipokatwa. Mshazari wa panga. Akarudi nao bila kusema neno.

"Basi nikarudi kulala," Mama Robi akaendelea, sauti yake ikishuka. "Hata usingizi haujanishika, nikasikia kishindo. Nikajua. Nikakaa kitandani nikajua kabisa. Nilichelewa kuyatoa. Yalikuwa yameshaita. Namshukuru Mungu hayakumwita Ezra, halafu naona aibu kushukuru, maana na yule aliyekufa ni wa mtu."

Kuku walipita kati ya viti wakitafuta punje za msiba.

Revocatus akaandika, akamsomea, akampa wino wa kidole gumba. Kisha akaondoka hatua chache, akampigia Mkuu.

"Gari la mahabusu liondoke bila Athanas."

"Una nini?"

"Nina minyaa, mkuu. Na nina aliyeiondoa, kwa nia njema, na shahidi ni jicho lake. Dereva alifanya alichoweza. Asiyefanya ni mwenye gari, na yupo kwenye benchi letu na pembetatu za gari lingine. Mpakieni yeye. Lori bovu, betri mbovu, alama hakuna, analituma usiku."

Mkuu akapumua kwa muda mrefu. "Ndugu wa marehemu watasemaje?"

"Nitamwambia mke wake mwenyewe. Mume wake hakuwa mzembe. Angesimama."

Aliporudi, Regina alikuwa anamngoja kando ya nguzo ya turubai. "Tunamwambia?" akanong'ona. "Huyu mama. Anadhani kosa lake ni kuchelewa."

"Hajauliza."

"Akiitwa mahakamani atasikia huko, mbele za watu."

Revocatus alijua. Alitamani sana kwenda kulala. Alitamani mtu mwingine, mwenye nguvu, aje achukue siku hii imalizikie kwake. Lakini Mama Robi alikuwa ameshawageukia, na jicho lake zima lilikuwa limewaona wakinong'ona.

"Wewe, afande. Nikuulize na mimi. Ningeyatoa mapema, mchana ule ule, huyo mtu angekufa?"

Uongo ulikuwa karibu, mwepesi, na ungemsaidia kila mtu kwa jioni moja.

"Mchana yalikuwa hayapo, mama," akasema.

"Hayapo vipi?"

"Vijana wako waliyatoa yote. Mkaratusi wote tumeukuta jalalani, umeungua. Hawakukudharau."

Mama Robi alikuwa mzee, si mjinga. Ilionekana usoni mwake jinsi alivyolishika jambo lile, akaligeuza, akatafuta pa kuliweka, akakosa.

"Basi niliyoyatoa mimi aliyaweka nani?"

"Dereva wa lori bovu. Aliyakata kwenye ua wako. Aliyaweka ili anayekuja ajue."

Ezra akasema, "Mama," akanyoosha mkono. Mama Robi akausukuma.

"Mbona hakubisha hodi?" akauliza, na sasa sauti ilikuwa kali, karibu ya ugomvi. "Mji upo, watu tupo. Angebisha akasema, wenyeji, nimeharibikiwa, msiguse matawi yangu. Ni maneno mangapi hayo?"

"Aliogopa. Aliogopa angepigiwa yowe."

"Ningepiga," mama akasema. "Ni kweli. Usiku, mwanaume, na panga? Ningepiga yowe."

Akafuta jicho lake bovu kwa pindo la kanga, kisha lile zima, ambalo sasa nalo lilikuwa limeanza. Revocatus akavua kofia, akaishika mkononi.

"Lile gari bado lipo pale?"

"Lipo, mama. Bolti haijapatikana."

"Mmeweka nini?"

Revocatus akamtazama Regina. Regina akatazama chini. Walikuwa wamepita pale wote wawili, wamekagua visiki, wamepima mistari kwenye vumbi, na hakuna aliyekumbuka kuweka hata jani. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama, na baada yake malori ya usiku.

"Ezra," Mama Robi akasema, "chukua panga. Kata hiyo hiyo minyaa, na ufumbe macho. Na zile ndizi afande aondoke nazo, ziende kwa mwenyewe."

Ezra alikata, Regina akabeba kwa mikono yake ya sare, na Revocatus akapanga barabarani juu ya kona, ukingo mpaka ukingo. Walipomaliza wakamwona mama anakuja polepole na kiti kimoja cha kuazima. Akakiweka ukingoni, kando ya minyaa, akakaa, akafunika magoti kwa kanga.

"Mama, giza linakuja," Revocatus akasema. "Matawi yanatosha."

"Jana hayakutosha," akasema. "Nenda kazini, mwanangu."

Revocatus akamtuma mgambo mmoja akae naye na tochi, akaingia garini. Regina hakuwa amewasha hata injini lori la kwanza lilipotokea upande wa Matongo. Likapunguza, likakohoa gia za chini, likasimama mbele ya minyaa. Dereva akatoa kichwa dirishani, akamwona mwanamke wa kitambaa cheusi, akazima redio kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Kuna msiba hapa?"

"Marahaba," Mama Robi akasema. "Hapana, mwanangu. Kuna gari bovu mbele. Pita polepole."